Kisima Kinapopanda na Kushuka Chenyewe: Maswali Yenu Kuhusu Maji ya Chini ya Ardhi

Tangu tuandike kuhusu loga za visimani, vile vifaa vinavyozamishwa na kurekodi presha ya maji vyenyewe, barua zimekuwa nyingi, na karibu zote zinauliza kitu kilekile kwa sura tofauti: maji kisimani yanacheza bila mtu kugusa pampu, je mchezo huo unaweza kuniambia chochote kuhusu akwifa, yaani lile tabaka linaloshika maji huko chini? Unaweza, tena mengi. Ila kila mchezo unapima kitu chake, na hapo ndo wengi wetu tunapoharibu, tunapima kimoja halafu tunatangaza kingine. Nimechagua barua chache ambazo zimebeba namba, manake bila namba tutabaki kupiga stori tu.

SWALI: Toleo lililopita mlisema data ya loga lazima kwanza itolewe presha ya hewa ndo isomwe. Nimefanya hivyo, lakini grafu imezidi kuyumba! Kabla ya kutoa ilikuwa imetulia karibu mstari, baada ya kutoa inapanda na kushuka. Kisima changu kina mita 95, kimeingia kwenye mwamba wa mchangamawe, juu yake kuna mfinyanzi mzito. Kuna siku 3 presha ya hewa ilipanda hPa 12 (hektopaskali, kipimo cha presha) na maji, kwa hesabu yangu, yakashuka sentimita 8.5. Nimekosea wapi?
Mwenye Kisima Kirefu

JIBU: Hujakosea popote, sisi ndo tuliandika kwa mkato na tunaomba radhi, kwa sababu hapa kuna mambo mawili yanayoitwa jina moja na watu wengi sana wanayachanganya.

La kwanza ni la kifaa. Loga yako haina kimrija cha kuleta hewa ya juu, kwahiyo inasoma uzito wa maji pamoja na uzito wa hewa iliyo juu ya maji. Ukitoa hewa unabaki na kimo cha maji, basi, ndo kazi uliyofanya na umeifanya sawa. La pili ni la akwifa yenyewe: presha ya hewa inasukuma maji ya kisima kwelikweli, yanashuka kimwili, hata ungepima kwa kamba yenye alama ungeyaona yameshuka. Hilo halitoki kwa kutoa hesabu ya kwanza, tena ndo linajitokeza vizuri baada ya kutoa.

Angalia namba zako mwenyewe. hPa 12 ni sawa na sentimita 12.2 za maji. Maji yalishuka 8.5. Kwahiyo loga ghafi iliona tofauti ya kama sentimita 3.7 tu, ndo maana ulidhani mambo yametulia, kumbe hewa ilikuwa inapanda na maji yanashuka na vile viwili vinafichana.

Kwa nini yanashuka? Hewa ikizidi uzito inakandamiza maji ya kisimani moja kwa moja, yote, bila msaada. Lakini juu ya ardhi uzito huohuo unagawanywa, sehemu unabebwa na mifupa ya mwamba na sehemu unabebwa na maji yaliyo ndani ya vitundu vyake. Kwahiyo maji ya kisimani yanakandamizwa zaidi kuliko maji ya mwambani yaliyo jirani yake, yanasukumwa yanaingia kwenye mwamba, kimo kinashuka. Mwamba ukiwa mgumu unabeba mzigo mkubwa zaidi na kisima kinacheza zaidi. Ukigawa 8.5 kwa 12.2 unapata kama 0.69 au 0.7, hiyo wataalamu wanaiita ufanisi wa barometa, na visima vingi vya matabaka yaliyofunikwa huangukia kati ya 0.2 na 0.75 hivi. Mwamba wako una mifupa migumu.

Sasa utamu wenyewe uko hapa, na ni kazi iliyowekewa msingi na C. E. Jacob mwaka 1940. Kutoka hiyo 0.69 unaweza kupata uwezo wa kuhifadhi bila kuwasha pampu hata dakika moja. Maji yenyewe yanabanika na kutanuka kidogo mno, kwa kila mita moja ya presha ni kama sehemu 0.0000045 ya ujazo wake. Zidisha kwa sehemu ya mwamba iliyo vitundu, tuseme 0.15 kwa mchangamawe wako, gawa kwa 0.69, unapata kama 0.00000098 kwa kila mita ya unene. Kama tabaka lina unene wa mita 40 basi zidisha, jibu ni karibu 0.00004. Hiyo ndo storativiti, S kwa kifupi.

Na naomba usiiruke hiyo namba haraka, itazame. Manake yake ni kwamba ukishusha presha ya tabaka hilo kwa mita moja nzima, chini ya kila mita moja ya mraba unapata mililita 40 za maji. Mililita arobaini! Hazijazi hata kikombe. Tabaka la wazi lisilofunikwa, lenye mchanga wa kawaida, kwa mita hiyohiyo linaweza kukupa lita 100. Watu wanaona maji kwenye kisima kirefu yamepanda mita 30 juu ya tabaka wanadhani wamekalia bahari, kumbe ni presha, sio wingi.

Tahadhari mbili. Ile 0.15 ni makadirio, ikiwa kweli ni 0.08 jibu lako linashuka karibu nusu, kwahiyo sema "kati ya hapa na hapa" usiseme namba moja. Na usichore kimo dhidi ya presha hivihivi kama kisima kina mwelekeo wa kushuka kwa ajili ya ukame au majirani wanaopampu, mwelekeo huo utakudanganya. Chukua tofauti za saa hadi saa, badiliko la presha dhidi ya badiliko la kimo, mteremko wake ndo unautaka. W. E. Clark alitoa mwaka 1967 njia ya kujumlisha hizo tofauti kwa kuangalia alama zake ili mwelekeo wa nje ujifute wenyewe, na mpaka leo inafaa kabisa hata kwa programu ya majedwali ya kawaida.

SWALI: Nina visima viwili vya kupimia karibu na bahari, vimesimama mstari mmoja kutoka ufukweni. A kiko mita 60, B kiko mita 180. Bahari yenyewe inacheza mita 1.40 kutoka katikati hadi kilele, A inacheza sm 42, B sm 14. Kilele cha B kinachelewa kile cha A kwa saa 1 na dakika 55. Nilichukua bahari na B nikapiga fomula nikapata kama 37,000, nikazidisha kwa 0.1 ya mchanga nikapata T, yaani uwezo wa tabaka kupitisha maji, ya mita za mraba 3,700 kwa siku. Mwenzangu ananiambia haiwezekani. Aliyechimba aliandika mita 9 za mfinyanzi halafu mchanga mpaka chini.
Mtu wa Ufukweni

JIBU: Mwenzako yuko sahihi, lakini data yako ni nzuri mno, natamani kila anayeniandikia angepanga visima hivyo, mstari mmoja tena viwili. Tuifungue taratibu.

Kwanza wazo lenyewe. Maji yakijaa na kupwa yanatuma wimbi la presha ndani ya akwifa, na wimbi hilo linapoingia bara linafanya mambo mawili, linafifia na linachelewa. Habari za visima vinavyocheza na bahari ni za kale mno, Pliny wa Roma katika karne ya 1 aliandika kuhusu kisima cha Gades, ambayo leo ni Cádiz huko Uhispania, kilichopanda na kushuka wakati mwingine pamoja na bahari na wakati mwingine kinyume chake, na mimi nikisoma ile "kinyume" naona ucheleweshaji uleule unaoupima wewe. Hesabu yake ilikuja kukaa sawa kwenye kazi za Jacob mwaka 1950 na J. G. Ferris mwaka 1951.

Kufifia kunakupa jibu moja: pai mara umbali wa mraba, gawa kwa muda wa wimbi uliozidishwa na mraba wa logi asilia ya uwiano wa michezo miwili. Kuchelewa kunakupa jibu la pili: umbali wa mraba mara muda wa wimbi, gawa kwa pai nne mara mraba wa ucheleweshaji. Muda wa wimbi ni saa 12.42, yaani siku 0.5175, usiweke 12 kamili, huo ni mwezi unaovuta sio saa ya ukutani.

Umechukua bahari na B. Hebu chukua bahari na A peke yake: uwiano ni 3.33, umbali 60, jibu linatoka kama 15,000. Sasa chukua A na B: uwiano ni 3, umbali 120, jibu linatoka kama 72,000. Mchanga ni uleule, wimbi ni lilelile, na majibu yamepishana karibu mara tano! Hiyo sio bahati mbaya. Kuna kitu pale ufukweni kinakula wimbi kabla halijaingia, mara nyingi ni tope lililotandaza sakafu ya bahari au ule mfinyanzi wako unaendelea chini ya maji na mlango wa kweli wa akwifa uko mbali huko ndani. Wimbi linafika A likiwa limeshachoka. Ile 37,000 yako ni mchanganyiko wa tope na akwifa, sio ya yeyote kati yao.

Kwahiyo sahau bahari, linganisha kisima na kisima. Sasa tazama ucheleweshaji: saa 1 na dakika 55 kati ya A na B inakupa kama 93,000. 72,000 kwa njia ya kufifia, 93,000 kwa njia ya kuchelewa. Kwa kazi hii huo ni upatano mzuri sana, nimeona watu wenye majibu yaliyopishana mara kumi na wanaandika ripoti tu bila kusema. Tuseme 80,000 hivi.

Lakini 80,000 ya nini? Hapa ndo kosa la pili na ndo kubwa. Umepima difusiviti, yaani T iliyogawanywa kwa S. Wimbi la bahari halijui T peke yake wala S peke yake, linajua jinsi vinavyogawana tu. Ukizidisha kwa S isiyo yake unapata T isiyo yake. Wewe umezidisha kwa 0.1, hiyo ni ya tabaka la wazi ambapo maji yanachuruzika kweli kutoka kwenye vitundu. Na tabaka lako sio la wazi, nina ushahidi wa aina mbili, mfinyanzi wa mita 9 na mchezo wenyewe. Chukua tabaka la wazi lenye mchanga mzuri kabisa, T ya 400 na hiyo 0.1 yako, difusiviti ni 4,000, wimbi linapungua hadi theluthi moja na ushee kila mita 26 hivi. Ukifika mita 180 kimebaki kama milimita moja. Wewe huko unaona sentimita 14. Hiyo ni presha inayokimbia kwenye tabaka lililofunikwa.

Matabaka yaliyofunikwa S yake huwa kati ya 0.00005 na 0.001. Ukizidisha na 80,000 unapata T kati ya 4 na 80. Najua inauma kutoka 3,700 kuja huko, na najua upana huo wa mara ishirini haupendezi, lakini ndo ukweli wa kile ulichopima mpaka sasa. Kuubana unahitaji S kutoka chanzo kingine. Ukipata mfano 0.0003 basi T ni kama 24. Njia ya barometa ya barua iliyopita itakuwa ngumu kwako kwa kuwa bahari inapiga kelele juu ya hewa, ila haishindikani, soma jibu linalofuata.

Halafu jambo dogo, usitumie jedwali la maji la bandari iliyo mbali badala ya kupima bahari yako, kwenye hori au mlango wa mto saa za kujaa zinapishana na za bandari na kosa hilo linaingia moja kwa moja kwenye ucheleweshaji. Kwa visima viwili hulihitaji kabisa. Na pima kipindi cha bamvua na cha maji mafu vyote viwili, uwiano wa A na B unatakiwa ubaki palepale japo michezo inakua na kupungua, usipobaki palepale ujue kuna kitu zaidi ya bahari kinachocheza na kisima.

SWALI: Nina data ya siku 10, kila baada ya saa moja, kisima kiko bara mbali kabisa na bahari lakini kinacheza mara mbili kwa siku sentimita kama 2. Ni mwezi au ni hewa? Na siku 10 zinatosha?

JIBU: Huenda ni vyote viwili. Hazitoshi.

Ardhi ngumu nayo inavutwa na mwezi na jua, mwamba unatanuka na kubanwa kidogo mno na maji yaliyo ndani ya tabaka lililofunikwa yanaonyesha hivyo kisimani. Mwaka 1880 iliripotiwa mchezo wa namna hiyo kwenye mgodi uliofurika maji huko Dux, Bohemia, mbali na bahari yoyote. Upande wa pili hewa nayo inapanda na kushuka mara mbili kwa siku kwa sababu ya joto la jua. Kuzitenga unatumia saa zao: mvuto wa mwezi una saa 12.42, mvuto wa jua una saa 12.00 kamili, na hewa iko kwenye hiyo 12.00 pia. Kwenye 12.42 hewa karibu haina kitu. Kwahiyo ukiona mchezo kwenye 12.42 huo ni wa mwezi, msafi, na ukiona kwenye 12.00 umechanganyika.

Ila saa 12 na saa 12.42 zinafanana sana, na ili hesabu iweze kuzitofautisha lazima data ipite muda wa wimbi moja kumpita mwenzie mzunguko mzima, nao ni saa 355, yaani karibu siku 15. Chini ya hapo programu itakupa namba lakini ni ya kubuni. Siku 30 ni nzuri, mi napenda miezi miwili na zaidi. Saa moja kwa saa moja inafaa kujua ukubwa wa mchezo, lakini kama unataka kuchelewa weka dakika 15 au chini, kwa sababu kucheleweshwa kwa kisima dhidi ya mvuto wa mwezi kunaweza kuwa dakika chache tu, na kuchelewa huko ndo kunakobeba T. P. A. Hsieh, J. D. Bredehoeft na J. M. Farr walionyesha mwaka 1987 jinsi ya kuisoma: kisima kwenye mwamba usiopitisha vizuri kinachelewa kwa sababu maji yanachukua muda kuingia na kutoka kwenye bomba, mwamba unaopitisha vizuri hauchelewi. Na saa ya loga iwe sahihi! Loga iliyopotea dakika 20 inakupa T ya uongo kwa uhakika kabisa.

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwanafunzi, nafanya utafiti wa maji ya mvua yanayoingia ardhini. Kisima ni kifupi, maji yalikuwa mita 6.40 chini ya uso, baada ya wiki mbili za mvua yakawa mita 5.55. Nikachukua uchuruzikaji, yaani sehemu ya ujazo wa udongo inayoachia maji, wa 0.25 kwa mchanga kutoka kwenye jedwali nikazidisha na sentimita 85 nikapata milimita 212. Lakini mvua yote ya wiki hizo ni milimita 180. Msimamizi wangu kasema nirudi nikafikirie.

JIBU: Marahaba mwanangu, na msimamizi wako kakusaidia kukurudisha, ila na wewe umefanya jambo ambalo wengi hawafanyi, umelinganisha na mvua. Kuna ripoti zinatolewa ambamo ardhi imemeza maji mengi kuliko yaliyonyesha na hakuna aliyeuliza.

Kwanza kupanda kwenyewe hujakupima kote. Kabla ya mvua maji yalikuwa yanashuka, sivyo? Angalia grafu yako ya wiki zilizotangulia. Tuseme yalikuwa yanashuka sentimita 1 kwa siku. Mvua isingenyesha, baada ya siku 14 yangekuwa mita 6.54. Kwahiyo mvua haikupandisha sentimita 85, ilipandisha 99, manake ilipambana na kushuka pia. Hiyo inaongeza shida yako badala ya kuipunguza, najua, lakini ndo njia sahihi, nyoosha ule mstari wa kushuka mpaka siku ya kilele halafu pima kutoka hapo.

Sasa ile 0.25. Namba za majedwali zinapatikana kwa kuacha udongo uchuruzike kwa muda mrefu, siku nyingi, hadi tone la mwisho. Uwandani maji yanapanda kwa siku mbili tatu ndani ya udongo ambao bado una unyevu, nafasi tupu iliyobaki ni ndogo kuliko jedwali linavyosema, na kadiri maji yanavyokaribia uso ndo nafasi inapungua zaidi. Tumia data yako kujiwekea dari: mvua 180 gawa kwa 990 ni 0.18, zaidi ya hapo haiwezekani hata kama hakuna tone lililopotea. Na lilipotea, kuna yaliyotiririka juu, kuna yaliyorudi hewani, kuna yaliyobaki kulowesha udongo wa juu. Ukitumia 0.05 unapata milimita 50, ukitumia 0.10 unapata 99. Hizo zinaaminika. R. W. Healy na P. G. Cook waliandika mapitio ya njia hii mwaka 2002 na wasiwasi wao mkubwa uko hapohapo, kwenye hiyo namba moja ya uchuruzikaji.

Nikuulize pia, kuna siku mvua ilipiga kwa nguvu na maji yakaruka ghafla sentimita 20 au 30 kwa saa moja, halafu kesho yake yakarudi? Kama ipo, itoe. Maji ya mvua yakifunga uso wote wa udongo kwa wakati mmoja yanaifungia hewa chini, hewa inabanwa, inasukuma maji ya kisimani juu. Inaitwa athari ya Lisse, kwa jina la mji wa Uholanzi. Hapo hakuna tone lililofika kwenye maji ya chini, ni hewa tu imebanwa.

Na kama kuna miti yenye mizizi mirefu karibu na kisima, tazama grafu ya siku za jua. Mchana itashuka, usiku itapanda. W. N. White alifanyia kazi jambo hili bonde la Escalante, Utah, na kulichapisha mwaka 1932: chukua kasi ya kupanda kati ya saa 6 usiku na saa 10 alfajiri wakati mimea imelala, zidisha kwa 24, ongeza kushuka kwa siku nzima, halafu zidisha kwa uchuruzikaji. Unapata maji yaliyonywewa na mimea kwa siku. Ukiwa na njia nyingine ya kujua mimea inakunywa kiasi gani unaweza kuligeuza ukapata uchuruzikaji wenyewe, na ukashika ile namba inayokusumbua. Mpelekee msimamizi hilo.

SWALI: Malori yakipita barabarani maji ya kisima chetu yanapanda kidogo halafu yanarudi. Tumeambiwa bomba limepasuka.

JIBU: Bomba linaweza kuwa zima kabisa. F. H. King aliandika mwaka 1892 kuhusu kisima cha Wisconsin, Marekani, kilichopanda kila treni ilipopita, na treni nzito ya mizigo inayotembea polepole ilikipandisha zaidi kuliko ile nyepesi ya abiria. Jacob naye mwaka 1939 alichambua kisima cha Long Island kilichofanya hivyohivyo. Mzigo unaminya tabaka, maji yanabanwa, yanapanda kisimani, kisha yanasambaa pembeni na kimo kinarudi, pengine kinashuka kidogo chini ya pale kilipokuwa gari likishaondoka. Ni ndugu wa ile habari ya hewa: sehemu ya mzigo inayobebwa na maji, ukijumlisha na ufanisi wa barometa, inatoa moja. Mwamba mgumu wa barua ya kwanza, wenye 0.69, ungeonyesha malori kwa 0.31 tu. Kisima kinachocheza sana na malori kina tabaka laini. Kama mna shaka na bomba basi angalieni mchanga na tope kwenye maji, hiyo ndo dalili ya mpasuko.

SWALI: Ofisini tunabishana. Mkuu wangu anasema kama bahari, hewa na mwezi vinatupa T na S, majaribio ya pampu ya saa 72 ni kupoteza muda. Wewe unasemaje?

JIBU: Nasema hapana, na nasema hivyo mimi ninayezipenda hizi njia kuliko wengi. Michezo ya asili ni midogo, sentimita chache, kwahiyo inakuambia habari za akwifa ikiwa imepumzika. Haiwezi kukuambia ukivuta maji mwezi mzima utagonga ukuta wa mwamba usiopitisha, au utaanza kuvuta maji ya chumvi, au mfinyanzi wa juu utaanza kuvujisha. Hayo yanaonekana akwifa ikisukumwa kweli. Kinachonifurahisha zaidi ni vikifanyiwa pamoja, manake pampu ina udhaifu palepale ambapo hewa ina nguvu.

Ngoja nieleze. Mmeshakuwa na pampu inayowaka na kuzimwa kila siku, hiyo ni jaribio tayari. Kwa njia ya H. H. Cooper na Jacob ya mwaka 1946, iliyotoka kwenye kazi ya C. V. Theis ya 1935, chora kushuka kwa maji dhidi ya logi ya muda, angalia yanashuka kiasi gani kila muda unapoongezeka mara kumi. Pampu ya lita 2 kwa sekunde ni mita za ujazo 172.8 kwa siku. Kama kwa kila mara kumi maji yanashuka sentimita 60, basi 2.3 mara 172.8, gawa kwa pai nne mara 0.6, T ni kama 53. Safi. Lakini S kutoka kisima kilekile kinachopampiwa usiiamini hata kidogo, msuguano kwenye chujio na ukuta wa kisima unaiharibu, nimeona S zinazotoka kubwa kuliko 1, ambayo ni kusema ardhi ina maji mengi kuliko ujazo wake. Hapo ndo hewa inaingia, S ya barometa haijali msuguano huo kama pampu inavyoujali, kwa sababu hewa inabadilika polepole na maji yanapata muda wa kufuata. T ya pampu, S ya hewa, halafu gawa moja kwa nyingine uone kama inakubaliana na difusiviti ya bahari kama mko karibu na bahari. Zikigombana mmejifunza kitu kuhusu mahali hapo.

Kama hamuwezi saa 72 mwaka huu, basi angalau someni kurudi kwa maji pampu ikizimwa, kurudi huwa kusafi kuliko kushuka kwa sababu hakuna mtikisiko wa pampu. Mnachohitaji ni daftari tu na mtu anayejali: saa ya kuwasha, saa ya kuzima, kwa dakika na sekunde, na mita ya maji ilisoma ngapi. Loga iwekwe kila dakika moja kwa saa mbili za kwanza baada ya kuzima. Saa ya mtu huyo na saa ya loga zilinganishwe asubuhi kabla ya kazi. Mkishapata wiki mbili za hivyo nitumieni, pamoja na presha ya hewa ya wiki hizohizo, nitawaonyesha hatua kwa hatua kwenye toleo lijalo.